UZI: -2.2717 ni Lamu, lakini programu yangu ilimpeleka ami kusini ya Kilifi

MwanaWaLangoni
Ijumaa, saa 2:40 usiku

Assalaam alaykum jamani. Nafungua uzi juu ya jambo ambalo kila mwandishi wa programu hulipita wiki yake ya kwanza: kuigawa namba yenye nukta, sehemu nzima kando na sehemu ya desimali kando. Na mimi nililipita. Juma hili limenirudia, na limenirudia mbele ya ami yangu. Naomba mnisaidie kulimaliza kabla sijampa mtu mwingine ile kazi.

Kisa chenyewe ni hiki. Ami ni nahodha wa mashua ya uvuvi, hutega madema nje ya Shela na upande wa Manda. Chomboni ana kifaa cha GPS cha zamani kinachotaka nyuzi na dakika: nyuzi 2, dakika 16.302, kusini. Vijana wake hutumia simu, na simu hutoa namba moja tu, -2.2717. Ile alama ya kutoa ndiyo suheli, yaani kusini. Lamu iko kusini ya ikweta, kwa hiyo kila latitudo tunayoandika hapa ni hasi.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliisoma 2.2717 akaiingiza kama nyuzi 2, dakika 27.17. Walikwenda mpaka wakaona pwani ile si yao, wakarudi nusu ya mafuta imekwisha. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, mita 1852, na hapo walikosea karibu maili 11, yaani kilomita 20.

Nikasema nitaandika ukurasa mdogo wa simu: unaweka namba, unatoka na nyuzi na dakika. Kwa lugha ya JavaScript, mistari sita. Sehemu nzima nikaipata kwa Math.floor. Sehemu ya desimali ni namba kutoa sehemu nzima, kisha mara 60. Nilijaribu kwa 5.5 na kwa 12.25, ikawa sawasawa. Nikampelekea ami barazani baada ya magharibi.

Akaweka -2.2717. Ukatoka: nyuzi 3, dakika 43.698, kusini.

Ami hakuhitaji kompyuta. Alitazama akasema, "Hapa si Amu, mwanangu. Malindi ni tatu na kumi na tatu. Wewe wanipeleka tatu na arubaini na tatu, Kilifi nimeshaipita." Na ni kweli. Kutoka 2°16.302' hadi 3°43.698' ni maili 87 na kitu, karibu kilomita 162.

Sababu nimeshaiona: Math.floor haikati, inashuka. Kwa 2.2717 kushuka ni 2. Kwa -2.2717 kushuka ni -3, kwa sababu -3 ndiyo iliyo chini yake. Halafu -2.2717 kutoa -3 ni 0.7283, na hiyo mara 60 ni 43.698. Hesabu haina kosa, swali ndilo lililokosewa. Majaribio yangu yote yalikuwa ya namba chanya, nami nimezaliwa mahali ambapo latitudo zote ni hasi. Hilo ndilo linaloniuma.

Nauliza: njia gani ni ya kuaminika, isiyodanganya pwani hii?

BintiMkunguni
Ijumaa, saa 2:58 usiku

Wa alaykum salaam kaka. Tumia Math.trunc badala ya floor. Hiyo hukata tu kile kilicho baada ya nukta, iwe chanya au hasi. Ipo kwenye JavaScript tangu toleo la 2015. -2.2717 itakupa -2.

Na angalia alama ya asilimia (%), ile inayotoa baki ya kugawanya, kama unatoa mifano ya lugha nyingine. Kwenye Python, -2.2717 % 1 inatoa 0.7283 hivi, kosa lako lile lile. Kwenye JavaScript inatoa -0.2717 hivi. Alama ni moja, lugha mbili, majibu mawili. Excel nayo INT hushuka, TRUNC hukata. Nilipoteza alama za mtihani kwa hili, nalikumbuka vizuri.

MwanaWaLangoni
Ijumaa, saa 3:15 usiku

Ahsante sana dada. Nimebadilisha. Lamu sasa inatoka -2 na -0.2717, naondoa alama, naandika "kusini" ikiwa sehemu nzima iko chini ya sifuri. 2°16.302' S. Longitudo 40.9020 imetoka 40°54.120' E. Nafikiri tumemaliza.

MtuWaKizingitini
Ijumaa, saa 4:02 usiku

Hamjamaliza ndugu zangu. Sisi Wabajuni jamaa zetu wako mpaka Kisimayu, na vyombo vinakwenda. Nimejaribu ukurasa wako kwa Kisimayu, -0.3582. Umeniandikia nyuzi 0, dakika 21.492, KASKAZINI. Kisimayu iko kusini ya ikweta.

MwanaWaLangoni
Ijumaa, saa 4:31 usiku

Wallahi umeniokoa. Nimeona. Ukikata -0.3582, sehemu nzima ni sifuri. Kompyuta kwa ndani inaishika kama -0, kitu hicho kipo kweli, lakini ukiiuliza "je, iko chini ya sifuri?" inasema la, na ukiiandika kwenye skrini inatoka 0. Ile alama ya hasi ilikuwa imebebwa na sehemu nzima, na sehemu nzima ilipokuwa sifuri alama ikapotea nayo. Mtu angeandikiwa mahali maili 43 kaskazini ya anapokusudia.

Basi alama inatakiwa ichukuliwe kwenye namba yenyewe kabla ya kuigusa. Kwanza uliza ni hasi au chanya, weka jibu pembeni, ondoa alama, ndipo ukate. Ukishaondoa alama, floor na trunc ni kitu kimoja, na ule ubishi wa mwanzo haupo tena.

Kisumu nayo ingekumbwa na hili hili, iko chini ya nyuzi moja kusini.

KijanaWaMokowe
Ijumaa, saa 4:40 usiku

Kwa nini msigeuze namba iwe maandishi, mkaigawa penye nukta? "-2.2717" inakuwa "-2" na "2717". Hakuna kushuka wala kukata.

BintiMkunguni
Ijumaa, saa 4:52 usiku

Ndugu yangu, jaribu 4.05 na 4.5. Ya kwanza inakupa "05", ya pili inakupa "5". Ukizigeuza namba zote mbili ni 5. Ile sifuri ya baada ya nukta imekufa hapo. Mombasa iko 4°03', ambayo kwa desimali ni 4.05, si namba ya kubuni. Na namba ikiwa ndogo mno, JavaScript haiandiki sifuri zote, 0.0000001 inaitoa "1e-7", hapo hakuna nukta ya kugawia. Maandishi yanafaa tu ikiwa namba imekuja kama maandishi na hujaigeuza bado, na uhesabu tarakimu za baada ya nukta ni ngapi.

DukaLaSamaki_Malindi
Jumamosi, saa 3:20 asubuhi

Salaam kutoka Malindi. Nimesoma uzi wote, nataka kuongeza la kwangu maana limenikera miezi.

Mimi na mama tunanunua samaki kwa wavuvi asubuhi. Mizani inatoa kilo kwa desimali, na mvuvi hupewa risiti ya kilo na gramu. Programu nimeiandika mwenyewe kwa Python. Kilo 4.35 inatakiwa iwe kilo 4 na gramu 350. Risiti inaandika gramu 349. Si kila mara. 4.5 iko sawa, 4.25 iko sawa, 4.35 inapungua gramu moja. Mvuvi mmoja alinionyesha risiti mbele ya watu akaniuliza gramu yake iko wapi. Gramu moja si pesa, lakini mtu aliyekuuzia samaki alfajiri akikuona unapunguza hata kidogo, haji tena.

Nikafungua nione ndani: 4.35 - 4 inatoa 0.34999999999999964. Mara 1000, kisha int inayobakisha namba nzima tu, ndiyo 349. Nani ameila ile gramu? Hizi si namba hasi, floor na trunc hazihusiki.

Mwalimu_wa_Hesabu
Jumamosi, saa 5:05 asubuhi

Binti yangu, hakuna aliyeila, na hapa ndipo pana utamu wa somo. Nipeni nafasi niseme kwa urefu.

Kiswahili kina majina ya vipande vya sokoni: nusu, robo, thumni. Nusu ni moja ya mbili, robo ni moja ya nne, thumni ni moja ya nane. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba hukatwa nusu kibaba, robo kibaba. Tazameni kila kipande kimepatikanaje: umekikata cha kabla yake katikati. Kompyuta nayo vipande vyake ni hivyo hivyo, kwa kuwa inahesabu kwa mbili. Nusu, robo, thumni, nusu ya thumni, na kuendelea. Ndiyo maana 4.5 na 4.25 zilikuwa salama dukani kwako. Ni nne na nusu, nne na robo. Kompyuta inazihifadhi kamili, hakibaki kitu.

Lakini moja ya kumi huwezi kuipata kwa kukata katikati, hata ukate mpaka kiyama. Kwa mfumo wa mbili inatoka 0.000110011001100110011… na haimaliziki, kama ambavyo theluthi kwetu sisi ni 0.3333… isiyomalizika. Kumi ina tano ndani yake, na tano haigawanyiki kwa mbili. Kwa hiyo 0.35, ambayo ni saba ya ishirini, nayo haimaliziki.

Sasa kompyuta haina nafasi isiyo na mwisho. Kiwango cha kuhifadhi namba zenye nukta kinachofuatwa karibu kila mahali kinaitwa IEEE 754, kilitoka 1985, na William Kahan aliyekuwa mbele katika kukiunda alipewa tuzo ya Turing ya 1989, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Kwa namba ya kawaida ya JavaScript au Python kinatoa biti 64, na usahihi wa tarakimu 53 za mfumo wa mbili. Zikiisha hizo, kinachobaki kinakadiriwa. Ulipoandika 4.35, kilichohifadhiwa ni 4.3499999999999996447… Tangu mwanzo, kabla ya kutoa chochote.

Mtauliza, mbona skrini ilionyesha 4.35? Kwa sababu Python na JavaScript huonyesha tarakimu chache kadiri inavyowezekana, maadamu zinatosha kuitambulisha namba ile pekee. 4.35 inatosha. Ukishaondoa ile 4, kilichobaki ni 0.3499999999999996447…, na hicho si 0.35 ya kompyuta, 0.35 ya kompyuta iko karibu zaidi na 0.35 kamili. Basi haiwezi tena kukifupisha, inakuonyesha mkia wote. Kutoa kwenyewe hakukukosea hata chembe. Nne ilikuwa imelifunika kosa, ukaifunua. Halafu int ikakata 349.99999999999966 badala ya kuikadiria kwa namba nzima iliyo karibu.

Python ina math.modf inayogawa namba vipande viwili kwa mkupuo, ya desimali kwanza kisha nzima, imetoka kwenye lugha ya C. Ni nzuri, alama ya hasi inaiweka kwenye vipande vyote viwili. Lakini haiwezi kukurudishia kilichopotea ulipoandika 4.35. math.modf(3.14) inatoa 0.14000000000000012 na 3.0. Msitarajie muujiza hapo.

Na kuhusu yule kijana wa dema: neno dakika tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni kitu chembamba, kilichosagwa. Nyuzi imesagwa vipande 60, hesabu ya Wababeli, kwa kuwa 60 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6. Ile .2717 haikuwa dakika 27, ilikuwa sehemu 0.2717 ya dakika 60. Namba mbili zilizovaa nukta moja, kila moja na mfumo wake. Hili nalirudia darasani kila mwaka na kila mwaka kuna anayeandika saa 7.5 kama saa saba na dakika hamsini.

DukaLaSamaki_Malindi
Jumamosi, saa 5:40 asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini nusu na robo hazinisumbui. Nimemsomea mama ile ya pishi na kibaba. Yeye ameniambia jambo ambalo naliweka hapa maana naona ndilo jibu: "Daftarini mimi siandiki kilo kabisa. Naandika gramu. Kilo naisema kwa mdomo." Na kweli, daftari lake la miaka yote ni 4350, 12800, 950. Hakuna nukta hata moja.

Nimefanya hivyo hivyo. Mizani ikitoa 4.35, naizidisha mara 1000 na kuikadiria hapo hapo kwa round, inakuwa 4350, namba nzima. Kutoka hapo divmod(4350, 1000), inayogawa na kutoa baki pamoja, inanipa 4 na 350. Nimepitisha risiti zote za mwezi, hakuna gramu iliyopungua.

Mwalimu_wa_Hesabu
Jumamosi, saa 6:10 mchana

Marahaba. Mpe mama salamu zangu, ndilo jibu. Namba nzima kompyuta inazishika kamili, kwenye JavaScript mpaka 9007199254740991, na samaki wa Malindi hawafiki huko. Pesa nazo zihifadhiwe kwa senti. Ukilazimika kubaki na desimali, Python ina Decimal, aina ya namba inayohesabu kwa kumi, lakini mpe maandishi, Decimal("4.35"). Ukimpa 4.35 bila alama za maandishi umempa ile iliyokwisha haribika.

BintiMkunguni
Jumamosi, saa 6:25 mchana

Tahadhari moja kwenye divmod ya Python: ikiwa namba ni hasi inashuka. Deni la shilingi 12 na senti 50, divmod(-1250, 100), linatoka -13 na 50. Alama pembeni kwanza, kama alivyosema kaka wa Langoni.

MwanaWaLangoni
Jumamosi, saa 3:30 usiku

Nimerudi. Nimeshinda na hili mchana kutwa, na nimepata tundu jingine ambalo hatukulitaja. Niliweka -2.999999. Ukurasa wangu wa jana ukaandika nyuzi 2, dakika 60.000. Hakuna dakika ya sitini. Nilikuwa nagawa kwanza, kisha nakadiria dakika kwa tarakimu tatu, na 59.99994 ikapanda kuwa 60.000 bila nyuzi kujua.

Dawa ni ile ile ya daftari la mama wa Malindi. Kifaa cha ami kinaonyesha dakika kwa tarakimu tatu baada ya nukta, basi kipimo kidogo kabisa ni elfu ya dakika, kama mita 1.85 baharini. Nyuzi moja ni 60000 za hizo. Nageuza yote kuwa namba nzima mara moja, nakadiria mara moja tu, kisha ndiyo nagawa:

function gawa(nyuzi) {
  const kusini = nyuzi < 0;
  const jumla = Math.round(Math.abs(nyuzi) * 60000);
  const nzima = Math.floor(jumla / 60000);
  const baki = jumla % 60000;
  const dakika = Math.floor(baki / 1000);
  const elfu = baki % 1000;
  return nzima + "° " + String(dakika).padStart(2, "0") + "." + String(elfu).padStart(3, "0") + "' " + (kusini ? "S" : "N");
}

Hizo padStart msiziondoe. Malindi kwa -3.2175 inabaki 13050, yaani dakika 13 na elfu 50. Bila kujaza sifuri ingeandikwa 13.50, na hiyo ni karibu nusu maili mbali na mahali penyewe.

Nimezipitisha hizi:

-2.2717 (Lamu): 2° 16.302' S
-3.2175 (Malindi): 3° 13.050' S
-4.05 (Mombasa): 4° 03.000' S
-0.3582 (Kisimayu): 0° 21.492' S
-2.999999: 3° 00.000' S

Baada ya isha nimekwenda kwa ami. Sikumwambia namba za kujaribu. Amechukua simu ya mmoja wa vijana wake, akatafuta mahali pa dema moja analolijua, akaweka kwenye ukurasa, kisha akalinganisha na daftari lake la chomboni, namba kwa namba, kidole kikiwa juu ya karatasi. Amesema, "Hapa ndipo." Akataka ukurasa ule wa kwanza uondolewe kwenye simu zote nne nikiwa nimekaa pale pale, na nimeuondoa.

MtuWaKizingitini
Jumamosi, saa 4:05 usiku

Nimejaribu tena -0.3582. Kusini. Nimewatumia binamu zangu watatu wa Faza, na huu wa zamani nimewaambia waufute.